Kunguru na Dubu wa Mkiani

Timu mbili mbovu zilipokuja Dubai kufanya mazoezi, Agosti ya mwaka 2014, mimi nilizipima kabla hazijafungua mabegi yao. Hakuna aliyeniomba. Jicho langu halijawahi kungojea ruhusa.

Kazi yangu ilikuwa kuendesha mashine ya barafu katika uwanja wa ndani wa magongo ya barafuni. Nje joto lilikuwa linayeyusha soli za viatu, na ndani mimi nimevaa sweta mbili na glavu. Mashine yangu inakwaruza ngozi ya juu ya barafu, inameza ule unga mweupe, halafu inamwaga maji ya moto ambayo huganda nyuma yako na kuwa kioo. Kwetu Mombasa barafu niliyoijua ni ile ya ukwaju, ya kunyonya kwenye mfuko wa nailoni. Hapa nilikuwa na shamba zima la barafu, na hakuna aliyelilima isipokuwa mimi.

Timu zenyewe zilitoka kwenye ligi ya kulipwa huko kaskazini mwa Ulaya. Moja ilikuwa na picha ya dubu kifuani, ya pili kunguru. Majina yao kamili yalitushinda kutamka, kwa hiyo sisi wafanyakazi tukaziita hivyo: Dubu na Kunguru. Msimu uliopita Kunguru walishika mkia wa ligi, na Dubu walikuwa juu yao kidogo tu. Wangekaa nasi wiki mbili, kisha wacheze wao kwa wao mechi moja ya kirafiki.

"Hawa watu wanalipwa mshahara kwa kazi ya kufungwa," alisema Gerishom. "Na mimi nafukuzwa kazi nikisinzia dakika moja."

Gerishom nilikuwa nakaa naye chumba kimoja kwenye nyumba za wafanyakazi, Al Qusais. Mtu wa Vihiga, mlinzi wa jengo moja la Dubai Marina, mrefu mpaka kitandani miguu inabaki nje. Shuleni alicheza magongo ya nyasi, na haikupita siku bila yeye kulisema. Mimi aliniita "mshairi wa friji".

Mshairi, ndiyo. Hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe.

Bur Dubai, juu ya maduka ya vitambaa, alikaa Bi Kuruthum, Mzanzibari aliyefika Dubai kabla ya hayo maghorofa. Ijumaa moja kila mwezi, baada ya alasiri, sebule yake iligeuka baraza la mashairi. Walikuja Wapemba, Walamu, watu wa Mombasa na Tanga, wafanyabiashara na wapishi na madereva. Lakini si kila aliyekuja alisoma. Bi Kuruthum alikuwa na swali moja tu kwa mgeni: nani mwalimu wako? Aliyekuwa na jina la kutaja alikaa mbele, kwenye mito. Asiyekuwa nalo alikaa karibu na mlango, penye viatu, akasikiliza.

Mara ya kwanza aliponiuliza nilijibu, "Redio." Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Sikuona cha kuchekesha. Nilijifunza kwa kusikiliza vipindi vya mashairi, nikahesabu mizani kwa vidole, nikarudia mpaka ulimi ukashika. Tungo zangu nilizijua kuwa ni nzima. Lakini miaka miwili nilikaa penye viatu.

Mlango mwingine ulikuwa mmoja: malumbano. Mara moja kwa mwaka Bi Kuruthum hutoa hoja, washairi wawili wakajibizana, na mshindi ndiye hufungua baraza la mwezi huo kwa shairi lake mwenyewe, awe na mwalimu au asiwe naye. Na desturi ilimpa haki nyingine: yeye ndiye humtaja mtu wa kumjibu mbele ya wote. Asiyetajwa siku hiyo husikiliza tu.

Mwaka ule hoja niliitoa mimi bila kukusudia. Nilikuwa naeleza, huko huko mlangoni, kwamba Kunguru ni wa mwisho kwenye ligi lakini wana vipaji kuliko Dubu. Sauti yangu haijui kunong'ona. Bi Kuruthum akaacha kumimina kahawa.

"Weye wa barafu. Wamo mkiani wote wawili?"

"Wote wawili, Bi mkubwa."

"Na wataka kutwambia katika hao walioshindwa kuna walio bora?"

"Wapo, na nitathibitisha."

Akatabasamu upande mmoja. "Hilo nalipenda. Mabingwa kila mtu anajua kuwalinganisha, hata mtoto. Hebu nilinganishieni wa mkiani. Nani atamjibu huyu?"

"Mimi," ilisema sauti kutoka kwenye mito.

Alikuwa Fairuz. Msichana wa Lamu, aliuza vitambaa duka la chini ya nyumba hiyo hiyo, na alifundishwa na babu yake tangu hajaota meno ya pili. Hilo la babu kila mtu alilijua kwa sababu Bi Kuruthum alilirudia kila mwezi.

"Unajua magongo ya barafuni wewe?" nikamuuliza.

"Sijui. Nitakuja kuangalia. Wewe unaangalia kila siku na bado hujaona, kakangu."

Sebule ikapiga makofi. Sikio langu likawaka moto.

Masharti yakawekwa. Kila mmoja atatunga ubeti mmoja na kuutuma kwa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp kabla ya mechi. Fairuz ataanza, mimi nitamjibu kwa vina vyake vile vile. Mechi ichezwe Alhamisi jioni ya wiki ijayo, na kesho yake Ijumaa Bi Kuruthum aitishe baraza la ziada, ahukumu.

"Mie barafu naijua ya kwenye sharubati tu," alituonya. "Nitasikia matokeo, nitasikia mashairi, nitasema."

Fairuz kweli alikuja mazoezini. Alikuja na shoga yake Ghada, wamejifunga mitandio ya sufi, wakaketi safu ya juu kabisa na kikombe cha chai. Nilimtazama kutoka kwenye mashine. Hakuwa anafuata kisahani, kile kipande cheusi cha mpira wanachokipiga. Alikuwa anatazama huku na huku kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni. Nikasema moyoni, huyu nimemmaliza.

Mimi nilikuwa na wangu wa kumtazama. Kunguru walikuwa na kijana aliyevaa namba kumi na saba, mwembamba, shingo ndefu. Kisahani kilikuwa kama kimefungwa uzi kwenye gongo lake. Anakipitisha katikati ya miguu ya mtu, anakiokota upande wa pili, na yule mtu bado anaangalia chini. Kila alipofanya hivyo nilisahau baridi. Huo ulikuwa ubeti unaotembea, wenye vina kati na mwisho.

"Ni mkali, sikatai," Gerishom alisema, siku aliyokuja kunitembelea kazini. "Lakini angalia akipumzika. Huu mchezo, buda, hakuna anayekaa ndani muda mrefu. Kila baada ya muda mfupi kikosi kizima kinatoka, kingine kinaingia. Kumi na saba akienda benchi, Kunguru wanabaki na nini?"

"Wanabaki na hofu aliyowaachia wapinzani."

"Hofu haifungi bao."

"Wewe ulicheza kwenye majani na ng'ombe pembeni. Niachie barafu."

"Sawa, mshairi wa friji. Mimi niko upande wako, lakini upande wako una matundu."

Jumatatu sauti ya Fairuz iliingia kwenye simu. Nilikuwa nakula. Niliacha kula.

*Dubu nimewatazama, hawana mtu wa shani,*
*Ila wote husimama, kila mmoja makini,*
*Huyu akirudi nyuma, mwenziwe yu uwanjani,*
*Kipaji kilicho chema, hakikai kwa fulani.*

Niliusikiliza tena na tena nikitafuta mizani iliyovunjika. Haikuwapo. Sauti yake ilikuwa tulivu, haikupanda wala kushuka, kama anakupimia kitambaa. Kundini watu wakaanza kumwaga sifa. Mzee Badawi, muuza manukato aliyekuwa mkubwa wa baraza baada ya Bi Kuruthum, akaandika: "Huu ni mkono wa babu."

Nililala na vina vyake kichwani. Asubuhi, nikiwa juu ya mashine, nikavipata vyangu. Nilirekodi palepale, injini ikinguruma chini yangu, na wala sikuizima.

*Fairuzi umesema, sasa rudi darasani,*
*Kunguru akiinama, mfupa u mdomoni,*
*Kumi na saba huchoma, safu tatu kwa mpini,*
*Adibu naweka dhima, Dubu watalala chini.*

Adibu ndiye mimi. Jina la mtunzi huwekwa mwishoni ili asipate pa kukimbilia.

Ule ubeti ulipaa. Kundi letu lilikuwa la watu wachache, lakini kila mtu ana ndugu kwenye kambi nyingine. Kufikia Jumatano nilikuwa nasikia "Dubu watalala chini" kwenye foleni ya basi, kutoka kwa Mganda nisiyemjua. Resty, aliyekodisha viatu vya chuma vya kutelezea pale kaunta na ambaye Kiswahili alijifunzia Dubai, aliimba mstari huo kila aliponiona. Uongozi wa uwanja, kwa kuogopa viti vitupu, ukagawa nafasi za bure kwa nyumba za wafanyakazi wa Al Qusais.

Alhamisi jioni upande mzima wa uwanja ulikuwa wetu. Wengi hawakuwa wameona barafu kubwa kuliko ya glasi. Walikuja na mashuka ya kitandani kwa ajili ya baridi, wakajifunika mabegani, na kabla mwamuzi hajaangusha kisahani walikuwa wanaimba:

"Dubu! Watalala chini! Dubu! Watalala chini!"

Mstari wangu. Koo mia kadhaa, na kila moja imebeba mizani yangu. Wachezaji wa Dubu wakageuka kutazama wasijue wanaimbiwa nini. Fairuz alikuwa safu ya mbele na Ghada, haimbi. Nilisimama karibu na lango la mashine yangu, na mtu angenigusa siku ile ningetoa cheche.

Kipindi cha kwanza kumi na saba alifanya alichoumbiwa. Alichukua kisahani katikati, akamwacha mmoja, akamwacha wa pili, akamdanganya kipa mpaka akakaa chini kama anayenywa kahawa, akakiweka wavuni taratibu. Kuta zilitikisika. Gerishom alimbeba mtu asiyemjua.

Kipindi kilipoisha niliingia na mashine. Barafu ya mbele ya goli la Kunguru ilikuwa imechimbika sana, nikaona, nikapita. Nilijiambia ni kipindi kimoja tu. Mashabiki walikuwa wananipungia, na mimi nikawapungia.

Kipindi cha pili Dubu walisawazisha. Halikuwa bao la kusimulia. Mmoja alimpa mwenzake, mwenzake akampa wa tatu, wa tatu akapiga. Baada ya hapo waligonga mwamba, wakagonga nguzo, wakagonga mwamba tena. Mashabiki walicheka kila mlio. Nilipoingia na mashine mara ya pili, timu zimeshabadilishana upande, lile shimo nilikuta limehamia ng'ambo ya pili, mbele ya goli la Kunguru tena. Safari hii sikumpungia mtu.

Kipindi cha mwisho kilikuwa kirefu kwangu. Sasa nilikuwa natazama kama Fairuz, huku na huku. Dubu walikuwa wanabadilisha vikosi na huoni tofauti. Wanatoka watano wanaingia watano, na kisahani kinaendelea kutembea kana kwamba hawajatoka. Kunguru, kumi na saba akienda kupumzika, walikuwa wanapiga mbali tu na kuomba muda uishe. Halafu, karibu na mwisho, mmoja wa Kunguru akapiga shuti la kupoteza muda, linaenda nje kabisa, likagonga kiatu cha beki wa Dubu, likageuka, likaingia.

Mbili kwa moja. Dubu wamelala chini.

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Watu walishuka mpaka kwenye ukuta wa kioo unaozunguka uwanja, wakaupiga kwa mashuka. "Adibu! Adibu!" Resty akanikumbatia, Gerishom akanipandisha mabegani, na kule safu ya mbele nilimwona Fairuz akikunja mtandio wake polepole.

Simu ikatetema. Ilikuwa sauti ya Bi Kuruthum: "Adibu, nasikia Kunguru wameshinda. Kesho fika mapema mwanangu. Ukae mbele."

Miaka miwili nilingoja maneno hayo mawili. Ukae mbele.

Watu walipoondoka nikapanda mashine kufanya kazi ya mwisho. Taa zilikuwa bado zinawaka zote. Na hapo nikasimamisha mashine katikati ya uwanja, jambo ambalo hukatazwa, kwa sababu barafu yote ilikuwa imefunguliwa mbele yangu.

Upande wa goli la Dubu ulikuwa unang'aa. Maji niliyoyamwaga mwenyewe kabla ya kipindi yalikuwa bado kioo, yamechorwa mistari michache tu ya kupita. Upande wa goli la Kunguru palikuwa shamba lililolimwa. Vyuma vya viatu vilikuwa vimekata, vimegeuka, vimefunga breki, vimekata tena, mpaka unga mweupe umelundikana kama chumvi. Kipindi kizima walikuwa wameshikwa hapo hapo, wamezungukwa, wanapumua kwa shida. Na mistari ya waliowazunguka haikuwa ya mtu mmoja hodari. Ilikuwa mingi, ya kila upande, inakutana na kuachiana kama uzi wa mkeka.

Swali halikuwa nani atashinda. Swali lilikuwa nani wana vipaji zaidi. Nalo lilikuwa limejibiwa pale chini, kwa maandishi ambayo katika uwanja ule ni mimi tu niliyekaa juu yake kuyasoma.

Niliwasha mashine nikayafuta. Ndiyo kazi yangu. Nyuma yangu kila kitu kikawa kioo.

"Kwa hivyo?" Gerishom aliniuliza kwenye treni ya kurudi Al Qusais, baada ya kumweleza. "Umeshinda. Khalas, imeisha."

"Kunguru wameshinda."

"Si ndio ulisema? Dubu watalala chini. Wamelala. Unataka walale vipi, wafunikwe blanketi?"

"Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa na moto. Hoja ni vipaji, Gerishom."

"Na kipa wa Kunguru si kipaji? Amefungwa moja tu."

"Kipa alikuwa amelala. Aliyedaka ni mwamba."

Akacheka mpaka Mhindi wa kiti cha mbele akageuka. Kisha akawa na uso wa kweli. "Sikiza, bro. Miaka miwili unanusa viatu vya watu pale mlangoni. Huyo mama hajui magongo. Fairuz hajui. Hao wazee hawajui. Barafu umefuta. Nani atakuuliza?"

"Hakuna."

"Basi kaa mbele, soma shairi lako, nenda zako."

Nilitazama taa za nje zikipita. Yote aliyosema yalikuwa kweli, na kila alipoongeza neno ndivyo hasira yangu ilivyopanda, lakini si juu yake. Mimi sikukaa miaka miwili penye viatu ili niingizwe ndani na kiatu cha beki. Nikifungua baraza, nifungue kwa sababu nimeona. Kushinda kwa bahati wacha washinde wasiojua kutunga.

"Wewe ni mjinga wa aina ya juu," Gerishom alisema alipoona uso wangu. "Kesho nakuja. Siwezi kukosa hii."

Ijumaa nilifika mapema kama nilivyoambiwa. Bi Kuruthum mwenyewe alinionyesha mto wa mbele, mwekundu, karibu na meza ya kahawa. Fairuz alikuwa upande wa pili wa meza. Gerishom, aliyekuwa mgeni, aliketi mahali pangu pa zamani akikunja miguu yake mirefu katikati ya makubadhi.

"Hongera," Fairuz aliniambia bila kunitazama.

"Ngoja kwanza."

Sebule ilipojaa Bi Kuruthum akagonga kikombe. "Tumesikia beti mbili. Zote nzima, hamna kilema. Basi tumeangalia matokeo, na matokeo yamesema Kunguru. Adibu kaweka dhima na dhima yake imesimama. Kwa hiyo..."

"Bi mkubwa," nikasema, "kabla hujamaliza."

"Wamkata Bi Kuruthum kauli?" Mzee Badawi akashangaa.

"Namkata, Mzee, unisamehe. Nina ubeti wa kufunga malumbano. Ni haki yangu."

Bi Kuruthum akaweka kikombe mezani. "Ni haki yake. Sema."

Nikasimama. Sikuwa nimeuandika popote. Nilivua kofia yangu, ile ya vito aliyonishonea mama, nikaishika mkononi.

*Nimeisoma alama, ya vyuma vya barafuni,*
*Bao la bahati njema, halipandi mizanini,*
*Dubu ni wenye heshima, vipaji vyao yakini,*
*Adibu navua dhima, kofia yangu mezani.*

Nikaiweka kofia mezani, mbele ya Fairuz.

Bi Kuruthum akainamia meza.

"Barafu ina maandishi?" Bi Kuruthum akauliza.

Nikamweleza. Nikaeleza upande uliolimwa na upande uliong'aa, na jinsi timu zilivyobadilishana magoli na shimo likawafuata Kunguru kila walikokwenda. Nikaeleza kiatu cha beki. Nikasema pia kuwa kumi na saba ana kipaji kuliko mtu yeyote wa timu zote mbili, na hilo sitalirudisha hata nikifungwa kamba. Lakini tuliulizwa timu, na timu yenye vipaji ni Dubu, kwa sababu kipaji chao, kikubwa au kidogo, kilikuwa kimegawanywa kwa wote, na ukimtoa yeyote hawapungukiwi.

"Na hayo maandishi yako wapi sasa?" Mzee Badawi akauliza.

"Nimeyafuta."

"Umeyafuta!"

"Ndiyo kazi yangu, Mzee."

Sebule ikaangua kicheko. Mzee Badawi akainua mkono. "Kwa hiyo tukuamini kwa lipi, kijana?"

"Mimi ndiye ninayepoteza hapa, Mzee wangu. Umewahi kuona mtu anayedanganya ili apoteze?"

Kicheko kikakatika. Kutoka penye viatu Gerishom akasema kwa sauti yake nzito, "Mimi nilimwambia anyamaze. Akakataa. Hata usiku alikuwa anasaga meno." Na safari hii walicheka kwa namna nyingine.

Fairuz alikuwa ameishika ile kofia, anaigeuza, anatazama mshono wake kama mtu wa kitambaa anavyotazama. "Usidhani nitakushukuru," alisema. "Nilikuwa nimeshinda tangu Jumatatu."

"Ulikuwa umeshinda. Lakini hukujua kwa nini. Mimi nimekwambia."

"Hee!" Ghada akaguna huko nyuma. "Kashindwa na bado anafundisha."

Bi Kuruthum hakucheka. Alimimina kahawa kikombe kimoja, akampa Fairuz. "Malumbano yamekwisha. Mshindi ni Fairuz, kwa kauli ya mpinzani wake, na tangu nianze baraza hili sijapata kusikia hukumu kama hiyo. Fungua, mwanangu. Adibu, weye wajua desturi."

Niliijua. Nilianza kusogea kuelekea mlangoni, na Gerishom akaanza kunitengea nafasi. Sikuinamisha kichwa. Ningerudi mwakani, na mwakani ningempiga kwa haki, kwa vina na kwa barafu.

Na niseme ukweli wa pale: kama ningeshinda mimi, nilikuwa nimeshaamua kutomtaja Fairuz. Nilitaka akae asikilize siku nzima.

"Unakwenda wapi?" Fairuz akasema.

"Penye viatu."

"Mwenye kufungua ndiye humtaja wa kumjibu. Au sivyo, Bi?"

"Ndivyo," Bi Kuruthum akajibu, na lile tabasamu la upande mmoja likarudi.

Fairuz akanirushia kofia yangu. Niliidaka. Kisha akanyoosha mgongo, akaanza kwa ile sauti ya kupima kitambaa, vina vipya kabisa ambavyo sikuwahi kuvijaribu:

*Nauliza kwa kijana, asiyekuwa na fundi...*

Akaishia hapo. Mstari mmoja tu, halafu anangoja, na sebule nzima inanitazama nikiwa katikati ya njia, si mbele si mlangoni. Mzee Badawi alikuwa ameinamisha sikio. Vidole vyangu vilianza kuhesabu vyenyewe pajani, kama vinavyohesabu juu ya mashine.

Nilivaa kofia. Nikamjibu palepale nilipokuwa, na sauti yangu haikunong'ona:

*Nilifundwa na kuona, kwa macho wala si kundi...*

"Haya," alisema Bi Kuruthum, akausukuma ule mto mwekundu kwa mguu mpaka ukanifikia. "Kaa kwanza, ndo umalize."